Nani Aliyemruhusu Nabawiya Kubandika Ndevu?

Jumamosi, 11 Januari

Tamthilia ya Sultani inahitaji ndevu mia tatu kabla ya Ramadhani. Ndevu mia tatu! Na mkuu wa upambaji wa nyuso bado hajateuliwa. Kairo nzima, nani mwingine anastahili? Nina stashahada ya upambaji wa jukwaani, daraja la Vizuri Sana, mihuri miwili. Nimeitundika juu ya televisheni ili mke wangu Inshirah aione kila atazamapo upuuzi wake.

Misimu miwili sijaitwa kazini. Inshirah anasema huu ndio wa mwisho. Nikiikosa kazi hii, nitakwenda kuuza mabomba ya maji dukani kwa kaka yake, Bahgat. Mimi! Mabomba! Bahgat, ambaye hakumaliza darasa la sita, ameshauliza saizi yangu ya koti la dukani.

Jumapili, 12 Januari

Fedheha. Nimemkuta mshindani studio. Nabawiya, Mama Wagdi kwa wanaomjua, mkazi wa Imbaba. Nilimuuliza amesomea wapi. Akajibu bila haya kwamba baba yake alikuwa na karakana ya wanasesere wa sukari wanaouzwa siku za Maulidi, naye tangu ana miaka minane alikuwa akiwachora nyusi na midomo, mia mbili kwa siku. Wanasesere wa sukari! Nikamfahamisha kwamba uso wa mwanadamu una misuli arobaini na mitatu. Akasema, "Wangu hawakuwa na hata mmoja, ustadhi, lakini hakuna aliyewahi kunilalamikia." Mafundi wa taa wakacheka. Mafundi wa taa hucheka chochote.

Mwongozaji, Bwana Midhat, ametugawia kidevu kimoja kimoja cha kujaribia. Jumanne.

Jumanne, 14 Januari

Nilifuata hatua kumi na moja kama zilivyo kitabuni. Zilichukua saa nne na robo. Mwigizaji wangu alilalamika njaa. Nikamwambia sanaa haina tumbo. Nabawiya alimaliza kwa dakika ishirini, akanywa chai, akaomba ya pili.

Kisha mwigizaji wangu akapanda farasi, akapiga ukelele wa vita, na ndevu zikabaki shingoni mwa farasi. Bwana Midhat akasema farasi amependeza, apewe maneno ya kusema.

Kosa ni la kidevu. Kilitoa jasho la aina isiyotajwa kitabuni.

Kazi amepewa mchora peremende. Vyema! Nimekiandikia chama chetu cha wapambaji barua ya kurasa sita. Nimeuliza: je, daktari asiye na cheti huruhusiwa kupasua watu? Basi?

Alhamisi, 16 Januari

Ushindi! Katibu wa chama amepiga simu. Nabawiya haruhusiwi kugusa hata sharubu moja.

Nusu ya ushindi. Kanuni zinasema asiye na cheti aweza kupewa kibali akifaulu mtihani wa vitendo mbele ya watu watatu. Uso wa kufanyia mtihani sharti uwe wa mwanachama, ili pasiwe na hila. Wanachama wote wamekataa. Nimejitolea! Katibu akauliza kama mlalamikaji anafaa kuwa uso. Nikasema uso wangu hauna upendeleo.

Nitaupaka mafuta ya nyonyo, kutoka utosini hadi shingoni. Gundi haishiki penye mafuta. Hilo liko kitabuni, ukurasa wa tisa.

Jumamosi, 18 Januari

Kamati haikutaka ndevu. Imetaka uso wa maiti wa siku tatu!

Sikutishika, rangi nayo huteleza penye mafuta. Nabawiya alinigusa shavu, akanusa vidole, akanitazama. "Mungu akuzidishie, ustadhi. Nilikuwa nawaza ule mng'ao wa maiti nitautoa wapi, kumbe umenijia nao." Nikakaza uso wote. Akaniomba nilegee, eti nikikaza hivyo nafanana na aliyekufa kwa kuvimbiwa. Mkono wake ni mwepesi mno, kinyume kabisa cha mafunzo. Nikapitiwa na usingizi. Nakiri hapa tu.

Nilipoamka kamati ilikuwa imesimama. Mmoja alikuwa akinong'ona, "Inna lillahi." Wakanipiga picha. Amefaulu.

Akataka kunifuta. Nikakataa katakata: kufuta nako ni kazi ya mwenye cheti. Nikachukua teksi. Dereva alitamka shahada njia nzima hadi nyumbani Shubra, akakataa nauli. Inshirah akafungua mlango, akapiga yowe, jengo zima likajaa ngazini. Bahgat alifika kabla sijamaliza kujieleza. Akanililia kidogo, kisha akauliza viatu vyangu ni namba ngapi.

Jumatatu, 20 Januari

Simu kutoka studio! Bwana Midhat ameona picha, hawezi kuendelea bila mimi, nije sasa hivi. Nilijua! Nikaitungua stashahada, nikaifuta vumbi, nikaibeba kwapani. Nimemwambia Bahgat koti lake amvalishe paka.

Hawakutaka stashahada. Walitaka maiti.

Waziri wa Sultani amekufa kwa sumu, na vipindi vitatu atalala hadharani huku wanawe wakigombea cheo chake. Bwana Midhat anasema hajapata kuona uso uliokufa vizuri namna hii. Nikamweleza kwamba mimi ni mpambaji, si mwigizaji. Kadi ya chama cha waigizaji sina. Nabawiya akanivuta kando. "We lala, ustadhi. Siku kumi na mbili za kazi, nimekuombea mwenyewe. Suala la kadi nyamaza nalo. Umeona wapi maiti akaropoka?"

Kuombewa na yeye! Nikataka kuondoka. Nikayakumbuka mabomba. Nikalala.

Jumatano, 22 Januari

Siku yangu ya tatu ya kufa. Nakiri kazi ni nzuri. Ukumbi una joto, chakula huletwa, na jana Sultani mwenyewe alinilaumu kwa kupendeza kuliko yeye. Inshirah anawaambia majirani kwamba mumewe ameingia kwenye uigizaji. Bahgat ameajiri mtu mwingine. Nabawiya hunipaka mafuta ya nyonyo kila asubuhi na kuniuliza kama nimelala vyema.

Lakini leo wameniletea maiti wengine watatu: walinzi wangu, waliokunywa sumu ileile. Nilimuuliza wa kulia, kwa pembe ya mdomo, amesomea wapi. Akasema yeye huuza viazi vitamu hapo nje, ameitwa tu. Wa kushoto anapumua kwa tumbo, kama mvukuto wa mhunzi. Wa miguuni alikoroma, nao wakamwacha akorome! Hakuna hata mmoja mwenye kadi. Fani imevamiwa.

Sitanyamaza. Wakati wa mapumziko nimekiandikia chama cha waigizaji kurasa nne. Nimetaka wakaguzi waje kesho asubuhi na mapema, wapite maiti kwa maiti, na wamtoe nje kila asiye na kadi, hata awe nani. Nimetia saini jina langu kamili, na chini yake cheo: Maiti Mkuu.