Kingamwili kwenye Friji ya Cicily

Jumatatu, 11 Machi 2019
Kingamwili imefika maabara yetu ya chuo kutoka ng'ambo, miezi minne tangu iagizwe. Sikuwepo! Nilikuwa hapa Nchiru kwenye kioski cha Cicily, nakunywa chai. Aliyeipokea ni Njue, mtu wa Embu aliyeajiriwa juzi tu, anayeandika kila kitu kwenye daftari la friza. Daktari Karwirwa kamsifu mbele ya wanafunzi. Mimi aliniuliza tu kama chai ilikuwa tamu. Mkataba wangu unaisha Ijumaa, na kalamu ya kuutia sahihi anayo yeye.

Jumanne, 12 Machi
Nimeiona. Chupa ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, ndani matone mawili matatu. Eti ndiyo itakayoonyesha kama kimeng'enya cha kuvunja sukari kimo kwenye maini ya panya wetu. Nina mpango. Naificha. Ijumaa Daktari atakapoihitaji, Njue atatokwa jasho akiitafuta, kisha mimi nitaipata! Daftari lake sikulifungua. Nani ana muda? Chupa iko kwenye friji ya Cicily, nyuma ya maziwa. Yeye sijamwambia. Siri si ya watu wawili.

Jumatano, 13 Machi
Njue anapiga mluzi. Nilimwuliza kama analala vizuri siku hizi. Akasema kama gogo. Maskini.

Alhamisi, 14 Machi
Nimekwisha! Nimeenda kuichukua, haipo. Cicily kanieleza kwa furaha kwamba chanjo ya kideri aliyoagiza duka la mifugo ilifika hatimaye, tena wakamwekea kwenye friji bila hata kuitwa. Kuku keshawachanja. Tone moja kwa jicho moja, kama kawaida. Niliuliza kuku wangapi. Wawili na nusu. Wa tatu alipata kidogo. Nikalia mbele ya wateja. Kuku wakaniangalia. Nimeandika barua ya kuacha kazi, niwahi kabla sijafukuzwa. Mama nitamwambia nini?

Ijumaa, 15 Machi
Mungu yupo! Daktari aliomba kingamwili. Nilisimama, barua mkononi. Njue akafungua friza, akatoa kichupa. Kulikuwa na vingine tisa! Kumbe Jumatatu ileile aliigawa kwenye vichupa kumi, isije ikaharibika kwa kugandishwa na kuyeyushwa kila siku. Mimi niliiba chupa ya mwanzo na mabaki yake. Yote yako kwenye daftari, ukurasa wa kwanza. Nilimkumbatia Njue. Sikujizuia. Daktari akaona huo ni moyo wa ushirikiano, akatia sahihi: mwaka mmoja zaidi! Barua nimeitafuna chooni. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Jumapili, 17 Machi
Nimetoa shukrani kanisani. Nimeahidi kuacha hila kabisa. Baada ya ibada Cicily akanivuta kando. Kwa nilivyolia siku ile, alishajua dawa ilikuwa yangu. Kideri imefagia kuku wa majirani, wake watatu wako imara. "Riungu, hiyo dawa yako ni kali! Nitafutie ingine, na huyu jogoo ni wako." Nilimweleza kwamba si dawa. Hakuamini. Jogoo ni mwekundu, mnene, anatembea kama chifu.

Vichupa vimebaki tisa. Daktari hawezi kuvimaliza vyote.