Baba Derrick Asirudishwe Nyumbani

Kwa Meneja,
Shamba la Makonge la Kilima Pacha,
Voi.

Bwana Mulei,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba Jumapili iliyopita mama yangu mzazi alizuiliwa nje ya jiko langu na kuulizwa kama ana miadi.

Aliyemzuia ni mume wangu Josephat, askari wa geti lako kuu. Yuko likizo. Mwaka huu anafikisha miaka sitini na ofisi yako imemwambia astaafu, akapumzike. Bwana Meneja, akapumzikie wapi? Nyumba ni hii moja.

Nasikia redioni kwamba dunia inazeeka, na wakubwa wanatafuta namna ya kuwaacha wazee makazini. Mimi nawaunga mkono wakubwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Siku ya kwanza ya likizo alifunga kamba kutoka mpapai hadi tangi la maji, akaweka kiti. Kuku wanapita, watu hawapiti. Niliporudi na kuni akaniuliza, "Mama, unaenda kwa nani?" Nikamwambia naenda kwa mjinga mmoja anayengoja chai. Akasema huyo hayupo, niketi nimsubiri.

2. Kikundi chetu cha akina mama hukutana kwangu. Aliwapanga foleni juani, na mwenyekiti wetu Immaculate akaambiwa aache mwavuli, eti ni silaha. Sasa tunakutana kwa Mable, na chapati za Mable unazijua. Kama huzijui, shukuru Mungu.

3. Mama yangu. Kwetu mwanamume akimwona mama mkwe hupisha njia na kuangalia chini. Josephat aliangalia chini, ndiyo, lakini ndani ya kikapu. Akatoa bakuli la kimanga, ule muhogo wa kupondwa na maharagwe, akalinusa, akasema, "Pita." Mama hakupita. Aligeuka akarudi kwake, na amesema hatakanyaga hapa mpaka huyo mtu awe kazini. Ana miaka themanini na mbili, Bwana Meneja. Sina muda wa kungoja wabembelezane.

Kwa hivyo naomba aongezewe miaka mitano. Miguu ikimsumbua, mpeni kiti. Mto nitaleta mimi. Macho yakififia, waombeni wezi wasogee karibu. Akishindwa kufungua geti, liacheni wazi, yeye aketi kando akiuliza maswali. Akisinzia, ajirini askari wa kumlinda. Na shamba likifungwa, tafadhali acheni geti, na yeye hapo hapo.

Kuhusu huyo kijana Muasya mnayetaka kumpa nafasi yake: ana nguvu, nakubali. Lakini ameoa juzi, na mke wake bado anafurahi kumwona mchana. Mwacheni nyumbani.

Wasalimie makarani, wapishi, madereva wa trekta, na bibi yako, ambaye naamini ananielewa.

Ni mimi, ninayeomba ruhusa kuingia kwangu,
Tryphena Wakesho (Mama Derrick),
Mbololo.

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha Josephat akaingia akicheka, simu mkononi. Anasema umempigia mwenyewe na umemwongezea miaka mitano. Mungu akubariki sana. Anasema pia umemhurumia kwa sababu ya jua kali, ukampa zamu ya usiku.

Mchana wote atakuwa hapa.