Kibelarusi Kinafia Kalundu

Kalundu, tarehe 9 Agosti 1957

Bwana Mhariri mheshimiwa,

Pokea salamu za mzee Nzeyimana, mtu wa Lubarika, aliyesoma miaka miwili kwa mapadri, halafu mapadri wakachoka. Nakuandikia kwa heshima na kwa hasira, heshima itangulie.

Gazeti lako la mwezi uliopita limemwita fundi wetu wa mashua, Bwana Mikola, "Mrusi wa Kalundu". Bwana, yule ni Mbelarusi! Aliposomewa hayo alikaa siku mbili bila kula, hata mikeke ya kuchoma, samaki wetu wa ziwani, aliikataa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Lugha ya mutu inakufa mbele ya macho yetu, nanyi mnaandika bei ya pamba. Zamani injini ikigoma, Mikola aliitukana kwa Kibelarusi, ikawaka. Sasa anaitukana kwa Kiswahili chetu, na injini inamtazama tu. Juzi abiria wa kwenda mji wa Baraka walikaa bandarini mpaka saa nane mchana.

2. Dada yake aliyebaki kwao ndiye alikuwa akimwandikia kwa Kibelarusi. Tangu Pasaka barua hazifiki tena. Sasa lugha ile anaisema na kuku wake, na mimi kidogo. Kuku weye unawajua.

3. Nimejitolea kuihifadhi. Iko maneno kumi na moja kichwani mwangu. Saba siwezi kuyasema mbele ya padri. Manne yaliyobaki yote ni viazi.

4. Wajukuu wangu, Basile na Sidonie, nimewafundisha kuhesabu Kibelarusi mpaka tano. Kirundi cha babu yao hawakijui. Nikiwasalimia wananijibu "bonjour". Lakini hilo si lalamiko, limepita tu njiani.

Kwa hiyo naomba usahihishe gazeti. Tena utoe tangazo lifike mpaka Ulaya: anatafutwa Mbelarusi mmoja, mume au mke, mwenye meno ya kusemea na ubishi wa kutosha, maana lugha haihifadhiwi na mtu mmoja. Nani amewahi kugombana peke yake? Serikali imlipie meli. Akichelewa, misa ya Jumapili isomwe kwa Kibelarusi. Kilatini nacho hatukisikii, na hatujalalamika.

Nisalimie wapiga chapa wote, na mama Generose anayefagia ofisi yenu, kama bado ni mjane.

Ni mimi, kwa heshima iliyobaki,
Mzee Nzeyimana

N.B. Nimemsomea Mikola barua hii tukiwa kwenye chungu cha pombe ya mtama. Alicheka, akafuta macho, kisha akauliza: huyo mwingine akija, ataketi wapi? Nikaangalia. Chungu chetu kina mirija miwili. Miaka sita sasa, kila jioni, yeye ananieleza mambo ya kwao kwa Kibelarusi, mimi namjibu kwa Kirundi. Hakuna anayemwelewa mwenzake, na hatujagombana hata mara moja. Huyo Mbelarusi akifika, Kirundi changu nitamwambia nani? Sahihisha lile neno "Mrusi", Bwana Mhariri. Tangazo lichane.