Mfarishi wa Jeniffer Usifike Harusini

Makanyagio, Mpanda.
Jumatatu baada ya Pentekoste.

Kwa Kaka yangu Mkubwa,
Bwana Deogratias,
Karema.

Ndugu Kaka,

YAH: OMBI LA KUMZUIA BINTI YAKO JENIFFER KULETA MFARISHI WA VIRAKA KWENYE HARUSI YA MWANANGU

Shikamoo. Mimi mdogo wako Fausta ni mzima, isipokuwa heshima yangu, ambayo inaumwa tangu nilipostaafu. Nakuandikia kwa utaratibu wa kiofisi kwa sababu nilipokueleza jambo hili kwa simu ulicheka mpaka ukakohoa, ukampa wifi simu, naye akacheka. Nimekuwa karani wa shule mpaka nywele zikabadilika rangi, na sijaona mtu akiicheka barua yenye "Yah".

Jambo lenyewe si refu. Marsela, mtoto wangu wa pekee, anaolewa mwezi ujao na Malale, mtoto wa Esteria. Hilo nimelimeza. Lakini nasikia Jeniffer, hapo barazani kwako, anawashonea maharusi mfarishi wa kujifunika, wa vipande vya nguo kuukuu, na kwamba ataukunjua ukumbini mbele ya wakwe. Hapo ndipo nakuomba, wewe kama baba yake na kama mjomba wa bibi harusi, useme hapana. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Kiraka ni kiraka, hata kikishonwa kwa mapenzi. Wewe na mimi tumekulia Mpimbwe. Mama alikuwa akikutilia kiraka kwenye kaptula ya shule, tena cha rangi nyingine, nawe ulikuwa ukitembea umeshika daftari nyuma ili watu wasikione. Tukasoma, tukalima mpunga, tukatumwa na kila mwenye cheo, yote hayo ili siku moja tuachane na viraka. Sasa siku ya kuagwa kwetu wastaafu, wenzangu walipewa na ndugu zao vitu vinavyoeleweka. Mmoja jiko la gesi. Mmoja mbuzi aliyefungwa kitambaa shingoni. Mmoja aliingiziwa makochi, na vigelegele vikapigwa mpaka kochi la mwisho. Mshereheshaji akatangaza zawadi kutoka Karema, nikainuka nikicheza. Jeniffer akakunjua mfarishi. Kaka, viraka tulivyovikimbia vilikuwa vimenifuata mpaka ukumbini, tena vimefungwa utepe! Mama mmoja akapiga kigelegele cha huruma. Kigelegele cha huruma nakijua, huwa kifupi.

Jeniffer ananiambia kwamba huko kwenye simu anakojifunzia, zawadi ya namna hii ni heshima kubwa, na kwamba kila mshono ameutia kwa mkono. Sasa cherehani ulimnunulia ya nini? Mtoto ana cherehani nzima, ya miguu, halafu anakaa anachomachoma na sindano kama anashona gunia la mahindi.

2. Nimegeuzwa maskini wa jumuiya. Niliufua mfarishi nikauanika, na uani kwangu hakuna ukuta, unajua. Mwenyekiti wetu wa jumuiya, Ndugu Sixte, akapita na baiskeli akauona. Hakuuliza. Siku ya sala akatangaza kwamba yupo mama mjane katikati yetu, hali yake imeshuka mpaka anajifunika matambara, na sisi tunasali tu. Jina hakulitaja, kwa staha. Mimi nikawa wa kwanza kuchangia, maana nilijua ni Mama Christina, paa lake linavuja. Nikatoa sukari, nikafunga mfuko mwenyewe kwa uzi mwekundu, nikaongeza na maneno makali kuhusu ndugu wanaowatelekeza wajane. Jumamosi wakaja wanaimba. Wakapita nyumba ya Mama Christina bila hata kupunguza mwendo, wakaingia kwangu. Nikapokea sabuni, blanketi la mtumba, na sukari yenye uzi mwekundu. Mama Christina ndiye aliyekuwa amebeba ndoo, na aliniangalia kwa upole ambao sitamsamehe.

Sukari ile nimeinywea chai, ningefanyaje. Na ujue kwamba katika sala ya kufunga, Ndugu Sixte aliwaombea ndugu zangu walioko huko Karema ziwani wapate moyo wa huruma. Jumuiya nzima ikaitikia. Umeombewa, Kaka, kwa jina.

3. Hakuna nguo iliyo salama. Jeniffer akionekana Mpanda, watu wanaanua nguo kambani. Mafundi wa Kashaulili ambao zamani walikuwa wakifagia mabaki wakayatupa, siku hizi wanamwekea kwenye mfuko, na ukienda kuchukua gauni lako linakubana, fundi anakwambia kitambaa hakikutosha. Kitambaa kilitosha. Kimekwenda Karema.

4. Lalamiko la nne lilikuwa linahusu mpangilio wa rangi. Niliufungua tena mfarishi ili nipate ushahidi, na nimeona nilifute. Rangi zimekaa sawa.

5. Nimelazwa pamoja na adui yangu. Labda hujui utaratibu wa binti yako. Hanunui kitambaa dukani. Anazunguka kwa watu wanaokufahamu, kila mmoja anampa kipande cha nguo aliyowahi kuivaa, na akikukabidhi mfarishi anakuonyesha kwa kidole huyu ni nani na huyu ni nani. Nikaonyeshwa wewe, kwenye lile shati lako la bluu. Nikaonyeshwa walimu, nikaonyeshwa mpishi wa shule. Halafu upande wa kichwani, pale panapofika kidevuni mtu akijifunika vizuri, nikaona kipande cheusi chenye nyota nyeupe. Nikauliza cha nani. Cha Esteria.

Unamkumbuka Esteria. Ng'ombe wa nyumba yake waliingia kwenye mpunga wetu ule mwaka wa mvua nzuri, mpunga umeanza kuinama. Wazee wa Kipimbwe na wazee wa Kisukuma wakakaa, fidia ikatolewa, tukapeana mikono mbele yao. Mikono tulipeana, maneno hatujapeana mpaka leo. Kanisani mimi nakaa upande wa kulia kwa sababu yeye hukaa kushoto. Na Jeniffer, aliyeijua habari yote, alikwenda kumwomba kipande, na yule mama, badala ya kukataa kama mtu mwenye akili timamu, akatoa. Akatoa nguo nzuri! Nilijaribu kuugeuza mfarishi, Esteria akaja miguuni, na sikuona vema kumkanyaga mtu aliyechana nguo yake kwa ajili yangu. Nikaurudisha. Sasa kila nikilala tunapumuliana.

6. Harusi yenyewe imeletwa na mkasi. Hapa naomba wifi asikusomee haraka. Jeniffer alipokwenda kuomba kile kipande cha Esteria aliwaogopa mbwa, akamchukua Marsela amsindikize. Aliyewafunga mbwa ni Malale. Aliyewakaribisha maziwa ya mgando ni Malale. Aliyewasindikiza mpaka barabarani ni huyohuyo. Kisha ikaonekana Marsela amesahau mtandio, ikabidi urudiwe, na ukarudiwa mara nyingi kuliko mtandio mmoja unavyohitaji. Kwa hiyo bila viraka hakuna mbwa, bila mbwa hakuna maziwa, na bila maziwa kusingekuwa na mahari imesimama uani kwangu inatafuna mchicha. Ng'ombe wa nyumba ileile! Zamani waliingia shambani nikapiga yowe, safari hii wameingia nyumbani nikawapigia vigelegele, tena mimi mwenyewe, nikiwa mbele.

Sasa tazama tunakokwenda. Leo ni Marsela. Kesho Jeniffer ataenda kuomba kipande Usevya, keshokutwa Mishamo, na kila anakopita mtu mmoja atafunga mbwa. Mkoa mzima wa Katavi utakuwa wakwe. Nani atamshitaki nani? Ng'ombe ataingia mpungani na mwenye mpunga atasema karibu mkwe, ongeza. Mabaraza ya wazee yatakaa bila kazi, na wazee wasiokuwa na kazi unawajua. Mtu hawezi kuishi bila hata adui mmoja wa kukaa naye mbali kanisani.

7. Natishwa kwa picha. Wiki iliyopita Jeniffer alinitumia kwenye simu picha ya mfarishi wa harusi. Watu wote wamo. Wewe umo, wifi yumo, Esteria yumo na dada zake na hata babu yao aliyekuja na ng'ombe kutoka Usukumani, kofia yake imekatwa. Ndugu Sixte yumo, na sikumbuki alikaribishwa lini katika ukoo wetu. Katikati kabisa kuna pengo, limeachwa wazi linaonyesha shuka la ndani. Jeniffer ameandika: "Hapo ni pako Shangazi, mama wa bibi harusi ndo tunakusubiri." Nikamjibu kwamba sitoi. Akajibu kwamba basi, hataliziba kwa kitambaa kingine, ataupeleka ukumbini hivyohivyo. Huo ni unyang'anyi wa kutumia sindano. Wakwe wataliona pengo, watauliza ni la nani, na mtu atawajibu.

Nitalisema wazi, Kaka, kwa kuwa ni barua na huwezi kunikatiza. Naogopa. Marsela ndiye niliyebaki naye tangu baba yake afariki. Akienda kule atapika jikoni kwa Esteria, atamwita Esteria mama, na jioni atajifunika nguo ya Esteria. Mimi nitabaki hapa Makanyagio na redio. Mfarishi usipokuwepo, angalau hakutakuwa na kitu cha kumwonyesha kila siku nani yupo karibu naye na nani hayupo. Godoro halisemi mambo hayo. Sufuria halisemi. Ndiyo maana watu wenye busara wametoa magodoro na masufuria tangu zamani, na ndoa zao zimedumu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, mkasi wa Jeniffer ukae chumbani kwako mpaka harusi ipite. Pili, mfarishi ulioanzwa ufumuliwe na kila mtu arudishiwe kipande chake, na yule babu ashonewe kofia. Tatu, Jeniffer aje harusini na zawadi inayoingia kabatini, inayofanana na za wengine, ambayo mshereheshaji anaweza kuitaja bila kutafuta maneno.

Nina imani kwamba utaamua kama mkubwa wa ukoo na si kama baba anayedekeza binti.

Wako mtiifu katika damu na katika haki,

Fausta
(Karani Mstaafu)

Msalimie sana wifi, hata kama anacheka. Wasalimie watoto wote, msalimie na Padre hapo misheni, na majirani zako wavuvi. Migebuka uliyotuma ilifika salama na ilikuwa minono. Zawadi ni kitu kama kile, kinaliwa, kinaisha, hakimletei mtu mkwe. Jeniffer msalimie pia, lakini kwa kifupi.

Nyongeza: Ndani ya bahasha utakuta kitambaa. Mpe Jeniffer wewe mwenyewe, usimpe kwa mkono wa wifi. Nimekikata kwa mkasi wa karatasi na kingo zimepinda, azinyooshe, ndiyo kazi yake. Kiguse kile cha Esteria, ila changu kiwe juu yake, kuelekea kichwani. Ni cha mbeleko niliyombebea Marsela. Kikizidi lile pengo, alipanue pengo, kitambaa asikipunguze.