Mjaribu Bora wa Pambazuko

Jumatatu, 5 Juni 1995

Siku njema kwangu, mbaya kwa Kokuberwa. Bi. Kemilembe, mtaalamu kutoka Dar es Salaam, ameleta disketi za Pambazuko, mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta. Bado haujatoka. Ushirika wetu wa kahawa umechaguliwa kuujaribu kabla ya uzinduzi. Masharti: watu kumi tofauti wautumie, kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri, kisha waandike maoni yao humo humo ndani.

Katibu wetu, Bwana Rwegoshora, ametangaza kwamba atakayesimamia jaribio vizuri atakuwa mkuu wa kompyuta. Akiharibu, anakwenda ghalani kupima magunia. Kokuberwa, mpiga chapa, akanyoosha mkono. Mimi wa ghalani nikanyoosha yote miwili. Nimepata!

Kokuberwa akanipongeza, kisha akaniuliza kama nakumbuka koti langu la ghalani nililitundika wapi. Wivu.

Jumatano, 7 Juni

Hakuna mtu! Wakulima wanaoleta kahawa wamekataa majina yao kuingizwa. Mmoja aliuliza kama hii ndiyo kodi ya maendeleo. Mwingine alisema jina alipewa na babu yake, si la kufungiwa kwenye sanduku. Bibi mmoja alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Bwana Rwegoshora aliuliza nimefikia wapi. Nikamjibu, pazuri.

Wazo lilinijia mchana nikipita makaburi ya parokia. Majina tele, yameandikwa vizuri misalabani, na hakuna hata mmoja atakayeulizia kodi. Nimenakili kumi. La kwanza ni la Mzee Rwezaura, mpima kahawa wetu wa zamani. Alianguka ghafla juu ya mizani katikati ya msimu, miaka mitatu sasa. Mkali, mtu wa mkono wa kushoto, mtafuna kahawa asubuhi hadi jioni. Hatakasirika. Alinichukia alipokuwa hai, kwa hiyo hakuna kilichobadilika.

Ijumaa, 9 Juni

Nimeshinda siku nzima nikiwa wafu kumi kwa zamu. Kazi ngumu! Bibi mmoja aliyefariki mwaka sabini na moja nimempa kioo cha kompyuta cha rangi ya waridi. Rwezaura nimempa neno la siri "mizani". Kwenye maoni ya wote nimeandika: Mzuri sana.

Ajabu moja. Nilipoingia kwa jina la Rwezaura, kioo kilibaki cheusi muda mrefu, kisha kikaandika: Karibu tena. Wengine wote waliambiwa Karibu tu. Kasoro ndogo. Sikuiripoti.

Jumatatu, 12 Juni

Ufunguo wa chumba cha kompyuta nalala nao shingoni. Leo nimefungua nikakuta mausi iko upande wa kushoto wa kibodi. Ukingoni mwa meza, maganda ya kahawa ya kutafuna yamepangwa mstari. Yana mate bado. Kiti baridi kama jiwe la mtoni.

Kokuberwa! Nikamwambia usoni. Akasema kahawa humfanya moyo uende mbio, hajaigusa tangu shule, kisha akaniuliza kwa huruma kama siku hizi ninakula vizuri. Mnafiki.

Nikairudisha mausi kulia. Nikageuka kuchukua kitambaa. Nilipotazama tena, iko kushoto. Meza imeinama. Nimeweka karatasi chini ya mguu wake.

Jioni Bi. Kemilembe alipita kuchukua disketi. Amefurahi sana. Nimeshaanza kujizoeza saini ya ukuu.

Jumanne, 27 Juni

Balaa! Bi. Kemilembe amerudi na mfumo uliokamilika. Uzinduzi ni Jumamosi. Amesema mbele ya Bwana Rwegoshora kwamba wajaribu tisa waliandika Mzuri sana na hawakumsaidia chochote. Lakini yule wa kumi, Rwezaura, aliandika kurasa na kurasa. Alionyesha kwamba jenereta ikizimika ghafla, kazi yote ya mtu hupotea, naye hapati hata nafasi ya kuaga. Wamerekebisha kwa sababu yake. Anataka Rwezaura ndiye azindue.

Bwana Rwegoshora alinitazama. Alimzika Rwezaura kwa mikono yake, alishika jembe. Nikasema haraka kwamba huyu ni Rwezaura mwingine, wa kijiji cha Kibingo. Kokuberwa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Tutafurahi kumwona, kaka Projest."

Kurasa sikuziandika mimi. Labda niliziandika nikiwa nimechoka.

Alhamisi, 29 Juni

Kibingo, kwa lifti ya lori la kahawa. Evaristi, niliyesoma naye sekondari, amekubali kuwa Rwezaura kwa siku moja. Nimempa mkungu wa ndizi. Avae kofia, asiseme neno, aandike "mizani", aondoke. Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 1 Julai

Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, wakati huu wa kiangazi! Ukumbi umejaa. Kapu la kahawa likapitishwa, kila mgeni akachukua punje za kutafuna kama ilivyo desturi. Evaristi haonekani. Bi. Kemilembe akamwita Mzee Rwezaura mbele. Watu wakageuza shingo. Kokuberwa akanikonyeza, akaelekeza kidevu upande wa ghala.

Ndipo mtu mmoja akasimama nyuma kabisa. Koti refu, kofia imefunika macho. Evaristi wangu! Alitembea bila kusikika kwenye sementi. Hata viatu alivipaka udongo mwekundu, mtu angedhani ametoka kuchimba. Akaihamisha mausi kushoto. Hilo sikumfundisha! Akaandika. Kioo kikawaka: Karibu tena. Makofi!

Yakakatika upande wa kina mama. Eustadia, mjane wa Rwezaura, alikuwa amesimama. Hakulia. Alikwenda mbele, akapiga goti, akamnyooshea kapu. Akamwambia kwa Kinyambo, lugha yetu, kwamba siku ile aliondoka bila kuaga. Yule mtu akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akamshika bega mama yule, akatoka nje kwenye ukungu. Jenereta ikazimika. Ilipowashwa, kazi yote ilikuwa palepale, haikupotea hata herufi. Na ganda moja ukingoni mwa meza.

Evaristi amezidisha. Kumchezea mjane si vizuri.

Lakini mimi ni mkuu wa kompyuta! Bwana Rwegoshora amenikabidhi chumba, akaapa hataingia humo tena. Kokuberwa ameomba mwenyewe ahamishiwe ghalani. Leo. Kabla giza halijaingia. Nani mshindi?

Jumatatu, 3 Julai

Evaristi amekuja na uso wa aibu. Eti Jumamosi watu wa forodha walimshikilia Murongo, mpakani, na sabuni zake za magendo kutwa nzima. Eti hakufika. Na amerudisha mkungu. Ujanja wa kupandisha bei! Nimemfukuza.

Bi. Kemilembe anaandaa toleo la pili, anataka wajaribu mia. Rahisi. Bweranyange kuna makaburi mengi ya zamani. Kesho naazima baiskeli.

Kwa heshima ya cheo, leo nilianza na jina langu mwenyewe. Mashine ikakataa. Ikasema Projest yumo tayari, wa kumi na moja baada ya wale kumi wa makaburini, ameingizwa na Rwezaura. Nafasi ya maoni nayo imeshajazwa: Mzuri sana.

Hatimaye mzee amenikubali.