Kalamu ya Mwasisi

Mtu aliyejiita Injinia, ingawa kitu pekee alichowahi kukijenga maishani ni visingizio, aliiona bahati yake saa nne asubuhi, akiwa amejibanza kwenye kona ya chumba cha ushonaji cha dada yake. Alikuwa ametumwa kukata bitana. Badala yake alikuwa kwenye kompyuta ya dukani, akitafuta mtu wa kumuuzia kiwanja kisichokuwepo, ndipo akaangukia tovuti ya bibi mmoja, mkutubi mstaafu, iliyojaa picha za kalamu za wino.

Chini kabisa palikuwa na vitufe viwili: Jirani wa Kushoto na Jirani wa Kulia. Akabonyeza wa kulia, akatua kwenye tovuti ya daktari wa meno anayependa kalamu. Akabonyeza tena, akamkuta mwalimu wa hesabu, naye na kalamu zake. Tena, fundi bomba, ambaye juu ya kalamu alikuwa ameongeza shairi refu kuhusu wino mweusi. Baada ya watu kumi na mmoja akajikuta amerudi kwa mkutubi. Hapo akaelewa: watu hawa, wote wa mji huu huu, walikuwa wameshikanisha tovuti zao kama watoto wanaocheza mduara, na mchezo wao waliuita Duara la Wino.

Kilichomfanya akae wima ni kanuni yao. Mwanzilishi wa Duara, kabla ya kufariki, aliwaachia kalamu ya dhahabu tupu, nayo hupita kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Kila mmoja hukaa nayo mwezi, huisifia kwenye ukurasa wake, kisha humkabidhi wa kulia kwake. Anayeipokea humwachia aliyempa kalamu yake mwenyewe iliyo nzuri, iwe amana.

"Wewe, hizo bitana zitajikata zenyewe?" dada yake akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Natafuta riziki, dada."

"Riziki umeikalia. Inuka unipe huo mkasi."

Kufikia jioni Injinia alikuwa na tovuti. Picha alizitoa kwa daktari wa meno, machozi ya furaha aliyaazima kwenye shairi la fundi bomba, na sentensi ya kwanza, ya kwake mwenyewe, ilisema kuwa mapenzi yake kwa wino yalianza kabla hajajua kusoma. Tuseme ukweli, katika Duara lile hakuna aliyemsoma mwenzake. Kila mtu alibonyeza kitufe, akaacha neno tamu, akakimbilia kwake kuhesabu wageni. Ndani ya siku tatu Injinia alipata pongezi kumi na moja, mbili kati ya hizo zikimsifia bustani ambayo hakuwa nayo. Mkutubi akampa nafasi upande wake wa kulia, na kwa kuwa zamu ya kalamu ilikuwa kwake, akamwalika aje kuipokea.

Ikabaki amana. Katika nyumba aliyoishi na dada yake kulikuwa na kalamu moja tu ya maana, iliyotunzwa kabatini, ya marehemu baba yao: nyeusi, nene, yenye sura mbaya, ila ncha yake dhahabu. Kwa kalamu hiyo baba alimwandikia binti yake barua kila wiki, miaka yote aliyokuwa shule ya bweni. Dada, baada ya kuwashonea maharusi wa watu magauni kwa miaka ishirini, alikuwa sasa ameposwa na karani wa posta. Jumamosi ya pili ndiyo ilikuwa siku ya kutia saini kwa msajili wa ndoa, na alikwisha kusema hatatia saini kwa kalamu nyingine.

Injinia hakuwa mtu wa kumwibia dada yake, angalau si moja kwa moja. Mpango wake ulikuwa msafi. Angeipokea ya dhahabu, angemwendea sonara amtengenezee pacha wake wa shaba, kisha angerudi kwa mkutubi kabla ya wiki kwisha, akajifanya mgonjwa, akarudisha pacha na kuchukua amana. Dhahabu ingebaki kwake, ya baba ingerudi kabatini, na kila mtu angekwenda harusini ameridhika.

Jumatatu akafanya mabadilishano na mkutubi, bibi mwenye miwani mizito na sauti ya upole, aliyemkaribisha chai na kumwita mwanangu. Jumatano akawa kwa sonara.

Sonara aliipokea kalamu, akaitazama mara moja tu, akairudisha juu ya kaunta.

"Nataka pacha wake," Injinia akanong'ona.

"Pacha wa nani, kaka? Huyu mwenyewe ni pacha. Nilimtengeneza mimi. Wa kwanza kuja, mwaka juzi, aliondoka na ya dhahabu. Tangu hapo wote mnaniletea shaba niinakili. Wewe ni wa saba."

Injinia akashika kaunta kwa mikono miwili. "Na hao wengine kwenye Duara?"

"Ama ni waaminifu, ama hawana nauli ya kufika huku."

"Mkutubi je?"

"Yule wa sita. Alikuja tena jana, akaniuzia hii." Sonara akavuta droo. Ndani yake, kati ya hereni zilizovunjika, ilikuwa kalamu ya baba.

Injinia aliona gauni jeupe, meza ya msajili, na uso wa dada yake akifungua kabati tupu. Moyo ulimuuma kwelikweli, na kwa kuwa hakuwa amezoea hali hiyo, alidhani ni njaa. Mfukoni hakuwa na kitu. Uongo nao haukuwa na kazi pale, maana aliyekuwa mbele yake alizijua mbinu zote kwa kuwa yeye ndiye aliyezitengeneza. Akalazimika kutumia ukweli.

"Mzee wangu, wewe mwaka wa pili unawanakilia watu shaba. Unapata nini? Ujira wa kunakili. Wenzako wanapata kalamu. Anayekaa kwenye Duara na shaba hii mkononi, jirani mpya akija anamwachia kitu cha maana. Chukua nafasi yangu. Tovuti, nenosiri, majirani, na kalamu yenyewe. Nipe hiyo nyeusi."

Sonara akasukumasukuma hereni ndani ya droo, kama mtu anayejifanya hafikirii. "Na huko wanasifiwa?"

"Mzee, watakusifia mpaka bustani."

Wakapeana mkono. "Ila hii njoo uichukue kesho," sonara akasema. "Wino umekaukia ndani. Niisafishe, isije ikamharibia bibi harusi gauni." Injinia akashukuru mara mbili. Kesho yake aliichukua, akaifunga kwenye leso, akairudisha kabatini wakati dada yake akimpima mteja kiuno.

Jumamosi, kwa msajili wa ndoa, karani wa posta alitia saini kwanza. Kisha dada akafungua kifuniko cha kalamu ya baba yake, na Injinia, aliyesimama begani kwake kama shahidi, akaiona ncha. Ilikuwa inang'aa kupita kiasi. Rangi ile aliijua vizuri, maana kalamu ya Duara alilala nayo chini ya mto siku mbili nzima. Sonara alikuwa amejibakizia ncha ya dhahabu, akaweka ya shaba iliyochovywa maji ya dhahabu.

Dada akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Machozi yakamtoka, asiyafute.

"Baba alikuwa akisema ncha hii ni dhahabu tupu," akasema. "Unaiona ilivyo, mdogo wangu?"

Injinia alikuwa amedanganya watu wengi, na kila mara kulikuwa na kitu cha kupata. Akaitazama ncha, akamtazama dada yake, macho yake mekundu na mazuri.

"Dhahabu tupu, dada," akasema.

Msajili akamsogezea daftari na kumwonyesha mstari wa shahidi. Injinia akaipokea kalamu, akainama, akaandika jina lake la kweli.