Wazo Namba 57 na Kipande cha Ndala

Kwa heshima na taadhima, wote walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu ile, saa mbili kamili asubuhi, hakuna mtu katika kampuni yetu atakayeruhusiwa kuwaza bila kujiandikisha.

Tangazo lilibandikwa mlangoni, chooni na juu ya birika la chai, ambako ndiko mawazo mengi huzaliwa. Aliyelibandika ni mimi, Afisa Mkuu wa Ulinzi wa Mali Bunifu, cheo ambacho hakikuwapo hadi nilipokipata. Mkurugenzi ni mtoto wa mama yangu mdogo, jambo lisilohusiana kabisa na uteuzi. Niliteuliwa kwa sifa. Miaka sita niliuza vocha za simu kwenye kona, na katika miaka hiyo hapakupita mimba, posa wala talaka mtaani pale nisiijue kabla ya wenyewe. Mkurugenzi alisema anayezijua siri zote ndiye anayefaa kuzilinda. Sikuona kasoro katika hoja hiyo.

Sisi ni kampuni changa: watu saba, vyumba viwili juu ya saluni. Tunatengeneza kidude cha tangi. Maji yakikaribia kuisha, simu yako inalia kabla hujajipaka sabuni. Wawekezaji walikipenda kingali mchoro, wakaahidi mtaji, ila kwa sharti moja: wakili wao aje ahakikishe, kwa hati, kwamba kila wazo lililomo ndani ya kidude ni mali ya kampuni. Bila hati hakuna mtaji. Bila mtaji, mwisho wa mwezi tungefunga mlango na kila mtu arudi kwao.

Utaratibu niliouweka ulikuwa mwepesi. Ukipata wazo, unanyoosha mkono, unanyamaza, unanisubiri. Nikifika, unajaza fomu ya kuwaza, kisha hati ya kulikabidhi wazo kwa kampuni.

"Kaka, umechelewa," aliniambia siku moja dada wa kompyuta, mkono bado uko juu. "Nimeshasahau nilichotaka kusema."

"Andika hapo: wazo limesahaulika. Saini."

"Yaani hata nililolisahau ni la kampuni?"

"Hilo hasa. Likirudi, likute limeshasainiwa."

Mkurugenzi aliongoza kwa mfano. Peke yake aliandikisha mawazo mia moja na arobaini, likiwamo la kuongeza neno "Kimataifa" kwenye jina la kampuni, na lile la kiti chake kugeuzwa kitazame dirisha.

Palikuwa na jambo moja dogo. Kidude cha kwanza cha Mkurugenzi kilizama. Cha pili kilizama. Cha tatu kilimpiga shoti paka wa mwenye nyumba. Cha nne kiliziba bomba la nyumba nzima, ikabidi aitwe Fundi Bomba. Alizibua, akaketi kwenye ngazi, akakitazama kidude kwa huruma kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani. Kisha akavua ndala yake, akaikata kisigino, akapachika sumaku ndogo, akakitupia kipande kile tangini.

"Maji yakiwepo, kinaelea," alisema. "Yakishuka, nacho kinashuka, sumaku inagusa swichi, simu inalia. Kwisha habari."

Mpaka leo ndivyo kinavyofanya kazi. Mimi sifichi ukweli, hivyo niliandika kwenye daftari langu la mawazo: Wazo namba 57. Mwenye wazo: Fundi Bomba. Shahidi: mimi.

Wiki iliyofuata fundi mwenyewe akaja, miguu yake haijalingana urefu kwa ile ndala iliyokatwa kisigino.

"Afisa, nasikia watu wanasaini. Mimi nasaini wapi?"

"Wewe huwezi kusaini."

"Kwa nini?"

"Hati ya kukabidhi ni siri ya kampuni. Siri husomwa na wafanyakazi tu. Wewe si mfanyakazi, kwa hiyo huisomi, na mtu hasaini asichokisoma. Tunakulinda."

"Basi nisomee wewe."

"Nikikusomea utakuwa umeijua."

"Jamani, mimi nawapa bure! Andikeni tu jina langu ndani ya kidude, hata kwa chini huko pasipoonekana. Mke wangu anasema niliharibu ndala kwa upuuzi. Nataka nikamwonyeshe."

Mkurugenzi akauliza toka ndani, "Nani huyo?"

"Fundi. Anataka jina lake kwenye kidude."

"Mwambie aandike barua."

"Kwa anwani ipi?" fundi akauliza.

Nikamweleza kwamba anwani nayo ni siri. Alikuja mara tatu, na mara zote tatu taratibu zilisimama imara. Mara ya mwisho alicheka, akasema, "Haya bwana. Mmekataa zawadi, msije mkaitafuta sokoni."

Wakili alifika Alhamisi, mama mmoja mwenye miwani kwenye ncha ya pua. Alisoma daftari langu asubuhi nzima bila kugusa chai.

"Sijawahi kuona daftari safi namna hii," alisema.

Nikainama kidogo. Mkurugenzi naye akainama.

"Nikiyatoa mawazo yote ya Mkurugenzi ndani ya kidude, kitaacha kufanya kazi?"

"Hapana, mama. Hayajawahi kuingia."

"Na nikitoa namba 57?"

"Kitazama."

"Hati ya namba 57 iko wapi?"

"Haipo, kwa mujibu wa taratibu. Mwenyewe alikuja kusaini, akazuiwa."

"Na nani?"

"Na mimi, mara tatu. Tarehe zimo."

Mkurugenzi akawa na rangi ya jivu. "Fundi aitwe sasa hivi! Asaini kabla hajajua ana nini!"

Hapo nilikohoa. Maana nilipotumwa chini kumletea wakili soda, nilikuwa nimewadokezea wasusi, kidogo tu, kwamba kampuni nzima imening'inia kwenye kipande cha ndala. Tulipochungulia dirishani, Fundi Bomba alikuwa ameshaitwa, yuko kwenye kiti cha saluni kilichotolewa barazani, amezungukwa na wasusi watatu na mteja aliyesukwa nusu kichwa, wote wanamshauri kwa pamoja. Wakili alifunga mkoba wake, akashuka kwenda kujiunga nao.

Mkurugenzi alimfuata mbio. "Ndugu yangu fundi! Jina lako tutaliandika kwa dhahabu!"

"Aa, bosi," fundi akajibu, "hapa wananiambia nisisaini mpaka niwe mkubwa wenu, kisha mimi ndiye niandike la kwako."

Kwa furaha kubwa, basi, naarifu kwamba mtaji umepatikana na kampuni ina Mwenyekiti mpya. Mke wake ameonyeshwa kidude na ameridhika. Mkurugenzi amepangiwa majukumu mengine.

Jana Mwenyekiti alipanda mwenyewe kufunga kidude kwenye tangi la hospitali. Mkurugenzi alikuwa chini, na suti yake, ameshika ngazi.

"Mwenyekiti," aliita, "nilikuwa nawaza..."

"Usiwaze, bosi. Shika ngazi."

Akashika. Hakuwaza. Nilikuwepo, na niko tayari kuthibitisha hilo kwa maandishi.